Mercedes na BMW: Funikeni Nyota, Tuangalie Mistari

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu tunaowaheshimu,

Sisi makapita wa internati tumepewa ukurasa huu juu ya shauri moja ambalo wote mnalijua. Juma lililopita picha ya BMW ilipasuliwa katika dortwari ya pili. Mwenye picha akapiga, mwenye kupasua akarudisha, na sasa wote wawili wako nyuma ya kanisa wanafyeka majani. Bwana Mkurugenzi wa nidhamu anataka picha zote za motokari zitoke ukutani kabla ya mwisho wa mwezi, isipokuwa kama makapita wanaweza kumwonyesha faida yake. Tulibishana jioni mbili, kwa maana hata kati yetu iko wale waliosema zitoke tu, ni vitu vya majivuno. Leo tuko na neno moja: picha zibaki, lakini ubishi ugeuke.

Tusikilize kwanza namna tunavyobishana. Mmoja anasema: "Mercedes njo mutuka ya bakubwa." Mwingine anajibu: "BMW inakimbia kupita yote." Wa tatu anatia lake: "Baba mudogo ya fulani iko nayo ku Lubumbashi." Kiisha kelele, kiisha ngumi. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja linalohusu kitu kinachoonekana kwenye picha. Picha haikimbii. Picha haionyeshi bei, wala baba mdogo wa mtu. Inaonyesha umbo tu, na juu ya umbo hakuna anayefungua kinywa.

Kwa hiyo tulifanya jaribio. Tulichukua picha sita, Mercedes tatu na BMW tatu, tukafunika alama kwa vipande vya karatasi, tukawaita wadogo wa mwaka wa kwanza. Walizitambua zote, upesi. Tukaongeza karatasi, tukafunika pua yote mpaka kwenye magurudumu ya mbele. Hapo wakanyamaza, na hata wakubwa wa mwaka wa tano waliokuja kuchungulia wakaanza kubahatisha. Mtoto mmoja tu, yule anayejulikana kwa motokari zake za waya, alitambua nne. Tukamwuliza amejuaje. Akaweka kidole juu ya picha moja, akasema: "Yaya, angalia dirisha ya nyuma. Inajikunja."

Alisema kweli, na mkunjo ule uko na jina na mwaka. Mwaka 1961 BMW ilionyesha motokari yake ya 1500, na mkubwa wa wachoraji wa karoseri wakati ule alikuwa Wilhelm Hofmeister. Angalieni nguzo ya nyuma, ile inayoshika dari. Katika motokari nyingi mstari wa dirisha unashuka na kukimbilia nyuma. Katika BMW unashuka, kiisha chini kabisa unarudi mbele kidogo, kama goti. Mpaka leo watu wa motokari wanauita mkunjo wa Hofmeister.

Mtoto huyu hajasoma habari za Hofmeister. Ameijua kwa sababu ya waya. Wale kati yetu waliotengeneza motokari za waya wanafahamu: waya hauna rangi, hauna nyota, hauna kromi. Hauna hata bati ya kuficha makosa. Uko na mstari tu. Kapo inaanzia wapi, dari inashuka namna gani, iko umbali gani kati ya gurudumu la mbele na mlango. Ukikosea umbali ule, umeshatengeneza taksi. Katika Toyota ndogo za taksi moteri imelala kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele, basi gurudumu linakaa karibu na mlango. Katika Mercedes na BMW kubwa moteri iko kwa urefu na inasukuma magurudumu ya nyuma, basi gurudumu la mbele linasogea mbali na mlango, na motokari yote inaonekana kama mtu aliyenyosha miguu. Watu wanaona heshima pale na hawajui inatoka wapi. Inatoka kwa namna moteri ilivyolala.

Basi tuzipime, tukianza na zile mbili zinazogombanisha dortwari: BMW ya Seri 7 iliyotoka mwaka 1977, na Mercedes ya Klasi S iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1979, ile ambayo mafundi wanaiita W126.

Kwa pua, BMW ilishinda. Tunasema wazi, ingawa wengi wetu tuko upande wa Mercedes. Uso wake umeinama, ukingo wa juu unatangulia ule wa chini, taa nne za mviringo zimepangwa sawasawa, na katikati iko zile figo mbili nyembamba. Wazungu wanaufananisha na pua ya rekini, samaki yule mkali wa bahari. Motokari imesimama, lakini inaonekana imeshaanza kwenda. Mercedes ya 1979 ukiiweka karibu yake imekaa kama mzee kwenye kiti.

Lakini zungukeni. Taa za nyuma za Mercedes ile ziko na migongo na mabonde kama bati ya nyumba. Wengi wanadhani ni pambo. Hapana: matope yanashika kwenye migongo, mabonde yanabaki safi zaidi, na mwanga unaendelea kupita. Sisi tunaokaa kwenye barabara ya udongo mwekundu tungepaswa kuielewa taa ile kupita watu wa Ulaya. Pembeni ya kioo cha mbele iko mfereji mdogo unaoshika maji ya mvua ili yasimwagike juu ya vioo vya milango, na shofere aweze kuona vioo vyake vya pembeni. Chini ya milango uko ubao mpana wa plastiki. Mawe yanaupiga ule, hayapigi rangi. Tena ubao huo unaunganisha parshoki ya mbele na ya nyuma kwa mstari mmoja, na ndiyo sababu motokari ndefu namna ile haionekani nzito. Upepo nao haukusahauliwa. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973, ikapanda tena mwaka ule wa 1979, na ukinzani wa hewa wa motokari hii ulipimwa 0,36, hesabu ndogo kwa motokari kubwa ya wakati ule. Mwalimu wetu wa fizika anaweza kuwaeleza hesabu hiyo. Sisi tunasema tu kwamba kila mstari pale uko na kazi, na hakuna aliyekuja kutia uzuri juu yake baadaye kama mtu anayetia sukari.

Mkubwa wa wachoraji wa Mercedes toka 1975 mpaka 1999 alikuwa Bruno Sacco, Mwitalia aliyezaliwa Udine na kufariki mwaka 2024. Alishika sheria mbili. Ya kwanza, motokari za nyumba moja zifanane kama ndugu, kubwa na ndogo. Ya pili, mtoto mpya asimzeeshe mkubwa wake: motokari mpya ikitoka, ile ya zamani isionekane upesi kuwa kitu cha kutupa. Sheria hii ya pili tunaipenda sana. Mambo mengi yanayouzwa sokoni, kuanzia telefone mpaka viatu, yanachorwa ili uone haya juu ya kile ulicho nacho. Sacco alikataa. Karoseri ya 1979 ilikaa kazini mpaka 1991, na zilitengenezwa zaidi ya 800.000. Hata leo, ukiiona moja imesimama mbele ya garaji, bila pine, kuku wamelala chini yake, mistari bado iko sawa.

Na sasa neno litakalowaudhi pande zote mbili. Uso ule wa rekini, watu wengi wanauhesabu kwa Mfaransa Paul Bracq, aliyekuwa mkubwa wa wachoraji wa BMW mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini kabla ya hapo, toka 1957 mpaka 1967, Bracq alikuwa akichora kwa Mercedes! Mkono wake uko katika Mercedes 600 ya mwaka 1963, ile ndefu ya marais, na katika ile ndogo ya michezo ya mwaka uleule, ambayo dari yake imebonyea katikati. Sacco aliingia Mercedes mwaka 1958. Kumbe watu hawa wawili walifanya kazi katika nyumba moja kwa miaka mingi. Tena wote wawili walizaliwa mwaka 1933, na mwaka huohuo BMW ilitoa motokari yake ya 303, ya kwanza yenye figo mbili. Wale wa dortwari ya pili wamepigana juu ya watu waliokula sahani moja.

Miaka ya 1990 tutapita haraka. Mercedes ya 1991 ilikuwa kubwa, ndefu kwenda juu, na vioo vyake vya tabaka mbili, na Sacco mwenyewe alikubali baadaye kwamba kimo chake kilizidi. BMW ya 1994 ilikuwa chini, tulivu, na mstari mmoja mwembamba pembeni toka mbele mpaka nyuma. Pale BMW ilishinda mbele, nyuma na pembeni, na mtu wa Mercedes akikataa, tumwambie achukue waya. Mwaka 2001 BMW ikatoa ile ambayo kifuniko cha kofre kinaonekana kama kimewekwa juu baadaye, na taa ziko na nyusi. Mkubwa wa wachoraji alikuwa Mwamerika Chris Bangle. Watu wengi walikasirika, lakini ilinunuliwa. Sisi hatuipendi, ila tunakubali kwamba ukiifunika pua unaitambua bado, hata kwa mbali, kwa ile kofre. Si kitu kidogo.

Tatizo letu ni nyuso za leo.

Figo za BMW zilianza kuwa ndefu na nyembamba kwa sababu radiatere ya 1933 ilikuwa ndefu na nyembamba. Mwaka 1987, BMW ilipotoa 750i yenye silinda 12, ilizipanua kidogo ili mtu ajue moteri ya ndani ni nyingine. Ile bado ilikuwa habari: uso unasema kitu cha kweli juu ya kile kilicho nyuma yake. Lakini angalieni Seri 7 iliyotoka mwaka 2022. Figo zimekuwa kama madirisha, zinaweza hata kuwaka taa usiku, na ile ya umeme, inayoitwa i7, imevaa figo zilezile. Motokari ya umeme haihitaji hewa nyingi namna ile. Ni pua kubwa ya mtu asiyepumua.

Mercedes nayo, katika EQS ya mwaka 2021, ilikwenda njia nyingine. Imefunga uso kwa bamba jeusi, na karoseri yote ni upinde mmoja toka mbele mpaka nyuma. Ukinzani wa hewa umeshuka mpaka 0,20. Tunaheshimu hesabu hiyo, ni kazi ya mafundi wakubwa. Lakini yule mtoto wa waya alipoonyeshwa picha yake bila alama alisema: "Hii iko sawa kipande ya sabuni." Mtu anaweza kutuambia kwamba tunajipinga, kwa maana tulisifu W126 kwa sababu kila mstari uko na kazi, na EQS nayo iko na kazi, tena kupita. Tumeliwaza jambo hilo. Tunaona kwamba wachoraji wa 1979 waliulizwa maswali mengi pamoja, upepo, matope, mvua, mawe, na mzee anayeinama kuingia nyuma. Wachoraji wa EQS waliulizwa zaidi juu ya upepo. Upepo ukichora peke yake, unachora kitu kilekile kwa kila mtu, na hapo nyumba yenyewe inalazimika kurudi kwenye nyota ili watu wajue ni nani amefika.

Nyota yenyewe haina kosa. Daimler waliiandikisha mwaka 1909, na miguu yake mitatu ilikuwa na maana ya nchi kavu, maji na hewa, fasi zote ambazo moteri zao zilitaka kwenda. Ni watu walioifanya kitu kingine. Afrika ya mashariki walizua hata neno, Wabenzi, kwa ajili ya wakubwa wenye kupanda Mercedes wakati raia wanatembea kwa miguu. Huku kwetu hatuna neno lile, lakini tuko na kilango.

Mnajua tunasema juu ya nini. Siku ya kutembelewa, ikitokea motokari yenye uso mkubwa, wadogo wanakimbia, milango yote miwili ya kilango inafunguliwa, na mtu hata haulizwi jina. Mwezi uliopita, siku hiyohiyo, mzazi mmoja aliyetoka mbali na kinga, gunia la unga limefungwa nyuma, alisimama pale kwenye jua mpaka mtoto wake akaitwa na kutafutwa na kukosekana na kutafutwa tena. Hakuna aliyempa hata kiti. Sisi makapita njo tunashika zamu ya kilango, na wadogo wanaangalia tunavyofanya. Toka juma hili, zamu itaandika kila anayefika kwa mpangilio wa kufika, na benchi ya dortwari ya kwanza itakaa chini ya mwembe kwa ajili ya wote. Anayeshuka katika Mercedes naye atakaa pale, ni benchi nzuri.

Kwa hiyo, kwa walimu waliotuambia kwamba picha hizi zinafundisha majivuno, tunajibu kwa heshima: majivuno yako kwenye alama na kwenye uso. Mtoto akijifunza kuangalia mahali dari inaposhuka, na kuuliza kwa nini taa iko na mabonde, ameshaanza desini na fizika bila kulazimishwa. Kuondoa picha ni rahisi, kazi ya dakika kumi. Lakini ubishi hautatoka na picha. Utahamia kwenye refektwari, na kule iko visahani.

Tunaomba Bwana Mkurugenzi aturuhusu hivi. Kila picha ibaki ukutani kwa sharti kwamba mwenye picha aandike chini yake, kwa mkono wake, mambo matatu anayoyaona katika umbo na kazi ya kila jambo. Akishindwa, picha itoke, hata ikiwa ya kapita. Maneno kama "ya bakubwa", "ya bei kali" na "inakimbia" hayahesabiwi. Sisi tumeanza: chini ya picha ya W126 katika chumba chetu utasoma juu ya taa, mfereji na ubao wa plastiki.

Na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya kazi za mikono, tutafanya mashindano ya motokari za waya mbele ya atelie. Mwalimu wa desini amekubali kuhukumu. Atasimama hatua kumi, na akitambua ni motokari gani na ya mwaka gani, mtu amepata. Nyota na figo haziruhusiwi. Mtu asichukue waya wa lupango ya shule. Fundi wa atelie ameahidi waya wa zamani, lakini koleo ziko mbili tu, kwa hiyo mwenye koleo nyumbani ailete. Dada zetu wa mwaka wa nne wameuliza kama wanaweza kuingia. Ndiyo, tena wajiandikishe upesi, kwa sababu vikundi ni vya watu wawili wawili na orodha inajaa. Yule mtoto wa mwaka wa kwanza hataingia katika kikundi chochote, atakuwa karibu na mwalimu kumsaidia kuhukumu. Wale wawili wanaofyeka majani watamaliza adhabu yao siku ya Alhamisi. Tumewaandika katika kikundi kimoja.

Kwa jina la makapita wa internati,
mmoja wao, mwaka wa sita